Maswali ya Wasomaji: Ruzuku za Miji Midogo, Ukarabati wa Nyumba na Viwanja Vyenye Sumu

Safari hii tumekusanya barua za wasomaji wanaoishi Marekani, zote zikihusu fedha za umma. Ukizisoma kwa pamoja unaona jambo moja: wengi wanaozikosa fedha hizi walikuwa na sifa zote, ila walitanguliza hatua iliyopaswa kufuata.

SWALI: Ndugu wahariri, jumuiya yetu imesajiliwa kama shirika lisilo la faida. Katikati ya mji kuna jengo lililokuwa drai klina, na mwenyewe analiuza bei ya kutupa. Tumesikia serikali hutoa fedha za kusafisha viwanja vya namna hii. Tukilinunua mwezi huu, tunaweza kuomba fedha hizo mwakani?
*Katibu wa jumuiya, Iowa*

JIBU: Katibu, msitie saini kwanza. Drai klina ikiuzwa bei ya kutupa, sababu mara nyingi iko chini ya sakafu.

Majengo hayo yalitumia perkloroethilini, kemikali ya kuondoa mafuta kwenye nguo. Ni nzito kuliko maji. Ikimwagika hupenya nyufa za zege na kuzama hadi kwenye maji ya ardhini, kisha mvuke wake hupanda na kuingia ndani ya jengo. Udongo wa juu unaweza kupimwa ukaonekana safi, huku hewa ya ndani ikiwa na sumu.

Upande wa sheria ni mgumu zaidi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980, inayojulikana kama CERCLA, humdai mmiliki wa sasa gharama za kusafisha hata kama si yeye aliyechafua. Marekebisho yaliyotiwa saini tarehe 11 Januari 2002 yalimpa mnunuzi kinga, kwa sharti kwamba afanye uchunguzi kamili kabla ya kununua. Uchunguzi uliofanywa siku moja baada ya hati kubadilishwa hauhesabiki, na anayebeba dhima ya uchafuzi hapewi ruzuku ya kuusafisha. Kwa hiyo mkinunua mwezi huu bila uchunguzi, mnaweza kupoteza kinga na ruzuku kwa pamoja.

Uchunguzi huo huitwa Awamu ya Kwanza, na kipimo chake ni kiwango cha E1527-21 cha shirika la viwango la ASTM. Hauchimbi wala haupimi chochote. Mtaalamu wa mazingira hutembelea kiwanja, huhoji wamiliki na majirani, husoma kumbukumbu za serikali, picha za angani na ramani za zamani za bima ya moto za Sanborn, ambazo mara nyingi huonyesha matangi na vibanda ambavyo mjini hakuna tena anayevikumbuka.

Hapa ndipo watu wengi hukosea tarehe. Uchunguzi unatakiwa uwe umefanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya kununua, lakini sehemu tano huisha muda baada ya siku 180: mahojiano, utafutaji wa madai ya kusafisha yaliyoandikishwa dhidi ya kiwanja, kumbukumbu za serikali, ukaguzi wa macho na tamko la mtaalamu. Siku hizo zinahesabiwa tangu kila sehemu ilipofanyika. Tarehe iliyo kwenye jalada la ripoti haina kazi hapa. Ripoti ya mwezi Juni inaweza kubeba mahojiano ya Machi, na ununuzi ukichelewa hadi Oktoba, mahojiano hayo yameshapitwa. Mwambieni mtaalamu aandike tarehe ya kila sehemu, na ripoti iandikwe kwa jina la shirika lenu. Ripoti aliyoandikiwa muuzaji au benki yake haiwakingi ninyi.

Awamu ya Kwanza ikionyesha mashaka, na kwa drai klina itaonyesha, inafuata Awamu ya Pili: kuchimba na kuchukua sampuli za udongo, maji ya ardhini na mvuke. Sisitizeni sampuli za mvuke zichukuliwe chini ya sakafu ya jengo lenyewe. Visima vya uani peke yake havitoshi.

Hamlazimiki kulipia haya yote mfukoni. Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, lina ofisi 10 za kanda, na kila moja hutoa huduma ya tathmini kwa viwanja mahususi: mkandarasi wa EPA anakuja, anafanya uchunguzi, nanyi mnapokea ripoti bila kupewa fedha mkononi. Fomu yake ni nyepesi kuliko maombi ya ruzuku. Majimbo nayo yana programu zao za kushughulikia viwanja hivi, na mara nyingi hufanya kazi hiyo hiyo. Mtahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye jengo ili watu waingie kuchimba. Mshikilieni kwa mkataba wa chaguo la kununua: mnalipa kiasi kidogo, bei inabaki ilivyo, na uchunguzi unaendelea huku umiliki ukiwa bado wake. Akikataa watu wasichimbe, mmeshapata jibu lenu bila gharama.

Ruzuku ya kusafisha inakuja baada ya hapo, na inadai kinyume: mwombaji awe tayari mmiliki. Shirika lisilo la faida lenye hadhi ya kodi ya 501(c)(3) linaruhusiwa kuomba. Mnatakiwa kuwa na ripoti ya Awamu ya Pili, rasimu inayolinganisha njia za kusafisha na gharama zake, tangazo kwa wakazi na mkutano wa hadhara, vyote kabla ya siku ya kuwasilisha. Sheria ya 2018 iliweka kikomo cha msingi cha dola 500,000 kwa kiwanja. Fedha za sheria ya miundombinu ya 2021, dola bilioni 1.5 kwa programu hii, ziliruhusu viwango vikubwa zaidi na kuondoa mchango wa asilimia 20 uliokuwa ukidaiwa. Someni mwongozo wa mwaka mnaoombea, kwa sababu masharti hayo hubadilika.

Mambo mawili ya pembeni. Mkishanunua, msivunje sakafu kabla ya mpango wa kusafisha kukubaliwa, kwa sababu kinga yenu inadai mchukue hatua za busara kuzuia uchafu usisambae. Na kama jengo lingekuwa kituo cha mafuta, njia ingekuwa nyingine: mafuta ya petroli hayamo ndani ya CERCLA, kwa hiyo jimbo ndilo huamua kama kiwanja kina sifa, na mfuko wa jimbo wa matangi ya chini ya ardhi huulizwa kwanza.

SWALI: Mji wetu una watu 1,800 na mabomba ya maji yamechakaa. Mimi ni mjumbe mpya wa halmashauri. Nimeambiwa tuiandikie HUD, wizara ya shirikisho ya makazi na miji, tuombe CDBG, yaani ruzuku ya maendeleo ya jamii. Tuanzie wapi?
*Mjumbe, Missouri*

JIBU: Mheshimiwa, msiiandikie HUD. Ruzuku hii, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1974, huenda moja kwa moja kwa miji yenye watu kuanzia 50,000 na kaunti kubwa zenye 200,000. Mji mdogo huomba kwa serikali ya jimbo lake, ambayo ina mgawo wa asilimia 30 ya fedha zote na huweka kalenda na alama zake yenyewe. Hawaii peke yake ndiyo imebaki kuhudumiwa na HUD.

Kila mradi lazima ukidhi lengo moja kati ya matatu: kunufaisha watu wa kipato cha chini na cha kati, kuondoa uchakavu wa makazi, au kukabili dharura. Mabomba huingia kwa lengo la kwanza, na kipimo chake ni hiki: angalau asilimia 51 ya wakazi wa eneo linalohudumiwa wawe na kipato kisichozidi asilimia 80 ya pato la kati la eneo, yaani lile linalogawa familia nusu juu na nusu chini.

Angalieni maneno "eneo linalohudumiwa". Kama bomba linalobadilishwa linalisha mitaa sita tu, hesabu ni ya mitaa hiyo sita. Takwimu za sensa zikiwaangusha mnaweza kufanya utafiti wenu wa vipato nyumba kwa nyumba, lakini hapo ndipo miji mingi huharibu. Kwanza, wanahesabu kaya badala ya watu. Kaya ya watu saba ni watu saba, na katika mji wenye familia kubwa hilo peke yake linaweza kuwavusha ile 51. Pili, wanatumia kikomo kimoja cha kipato kwa wote, ilhali kikomo hupanda kadiri kaya inavyokuwa kubwa. Tatu, nyumba isiyojibu inachukuliwa kuwa maskini kwa kukisia, au inarukwa na kuchukuliwa ya jirani aliyeko nyumbani. Sampuli ikishaharibika hivyo, jimbo huikataa yote. Tumieni fomu na njia iliyoidhinishwa na jimbo, na msiwatume majirani kuulizana mishahara: wataulizana, lakini hawataambiana ukweli.

Mkishinda, bado msinunue bomba hata moja. Kanuni ya ukaguzi wa mazingira, sehemu ya 58, inakataza kufunga mikataba, kununua ardhi au kuanza kazi, hata kwa fedha zenu wenyewe, hadi ukaguzi ukamilike, matangazo yatolewe na barua ya ruhusa ya kutumia fedha ipatikane. Kipindi cha pingamizi peke yake, baada ya ombi la kuachiliwa fedha kupokewa, ni siku 15. Mkandarasi mwenye haraka atawaambia kuchimba mtaro mmoja wa majaribio hakuna shida. Shida ipo, na mtaro huo unaweza kuugharimu mji ruzuku nzima.

Msisahau Wizara ya Kilimo. Programu yake ya maji na majitaka huhudumia miji isiyozidi watu 10,000, ikichanganya ruzuku na mkopo wa hadi miaka 40. Mji wenu, kwa kuwa hauzidi watu 2,500, unaweza pia kuomba ruzuku ya maandalizi ya hadi dola 30,000 kwa ajili ya ripoti ya mhandisi, kama kipato cha wakazi ni cha chini vya kutosha. Ningeanzia hapo. Maombi ya CDBG yasiyo na ripoti ya mhandisi huonekana mepesi mbele ya washindani wenu.

SWALI: Mama yetu ana miaka 67, anaishi shambani kwenye nyumba yake mwenyewe. Paa linavuja na umeme unarusha cheche. Kuna msaada usio wa kurudisha?
*Binti, Kentucky*

JIBU: Upo, dada, na humfaa mtu kama mama. Ni programu ya Sehemu ya 504 ya Wizara ya Kilimo. Kwa mwenye nyumba wa miaka 62 au zaidi asiyeweza kulipa mkopo, hutoa ruzuku ya hadi dola 10,000 katika maisha yake yote, kwa hatari za afya na usalama pekee. Paa linalovuja na nyaya mbovu vinaingia. Kabati jipya la jikoni haliingii. Kipato cha kaya kiwe chini ya asilimia 50 ya pato la kati la eneo, na hapo hesabu huingiza kila mtu mzima anayeishi ndani, hata kaka aliyerudi nyumbani kwa muda.

Kama anaweza kulipa kidogo, kuna mkopo wa hadi dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1, miaka 20, na vyote viwili huweza kuunganishwa hadi dola 50,000. Akiuza nyumba kabla ya miaka 3 atairudisha ruzuku. Maombi hupokelewa mwaka mzima kwenye ofisi ya Maendeleo ya Vijijini iliyo karibu, na kuomba ni bure. Fundi asianze kabla ya kibali.

SWALI: Mimi ni fundi. Nimepewa ukarabati wa nyumba ya mwaka 1956 kwa fedha za HOME, programu ya HUD ya makazi nafuu, kazi ya dola 24,000. Ofisi inanibana kuhusu rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kwa nini tarakimu ya 25,000 inawaogopesha hivyo?
*Fundi, Ohio*

JIBU: Kwa sababu ni mstari unaobadilisha kazi nzima. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, msaada wa hadi dola 5,000 unadai urekebishe rangi uliyoigusa tu. Kati ya 5,000 na 25,000 inahitajika tathmini ya hatari na udhibiti wa muda: kukwangua kwa maji, kuziba, kusafisha vumbi. Ukizidi 25,000 hatari zote zilizoonekana lazima ziondolewe kabisa, na hiyo ni kazi ya wafanyakazi wenye cheti cha uondoaji.

Kinachohesabiwa ni kiasi kidogo kati ya viwili: fedha za shirikisho kwa nyumba hiyo, au gharama za ujenzi wenyewe bila gharama za kushughulikia risasi. Kwa hiyo usirundike kila kitu kwenye mstari mmoja wa mchanganuo. Tenga kazi ya risasi peke yake. Na jihadhari na nyongeza za katikati ya kazi: ukifungua ukuta ukakuta mbao zimeoza, nyongeza ya dola 1,500 inaweza kukuvusha mstari nusu ya safari.

Kazi ndogo ina unafuu: ukigusa rangi isiyozidi futi za mraba 20 nje, au 2 ndani ya chumba kimoja, hulazimiki kufuata taratibu za kazi salama kwa sehemu hiyo. Zaidi ya hapo, vumbi litapimwa mwishoni na mkaguzi asiye wa kampuni yako, na wenye nyumba hawarudi ndani hadi majibu yatoke. Weka siku hizo kwenye ratiba yako tangu mwanzo.

SWALI: Shirika letu dogo limeshinda ruzuku. Fedha zitaingia lini kwenye akaunti?
*Mweka hazina, Maine*

JIBU: Mara nyingi haziingii mapema, mnafanya kazi, mnalipa au mnapokea ankara, ndipo mnadai. Ongeeni na benki kuhusu mkopo wa muda kabla ya kusaini na mkandarasi, na hakikisheni usajili wenu kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaopokea fedha za shirikisho, haujaisha, kwa kuwa huhuishwa kila mwaka na malipo huweza kukwama kwa sababu hiyo tu. Mkitumia dola 1,000,000 au zaidi za shirikisho katika mwaka mmoja wa fedha mtahitaji ukaguzi maalumu wa hesabu. Kwa vyovyote vile, hifadhini kila ankara angalau miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho.