Kuitwa "highbrow": sifa au kijembe?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu nilipendekeza tusome Shakespeare. Mwenzangu mmoja akaniambia kwa Kiingereza, "Wewe ni highbrow," wengine wakaangua kicheko. Kamusi inasema ni mtu mwenye ladha za kisomi. Sasa wamecheka nini?

JIBU: Marahaba. Kamusi haikukudanganya, ila haina sauti ya msemaji, na neno hili utamu na uchungu wake umo kwenye sauti. Likisemwa juu ya gazeti au kipindi cha redio, ni maelezo tu: kuna fasihi nzito humo, falsafa, muziki wa okestra. Likisemwa juu ya mtu, aghalabu ni kijembe: unajikweza, vinavyopendwa na wengi huvitaki.

Na asili yake ni kichekesho. "Brow" hapa si nyusi bali ni paji la uso. Katika karne ya 19, Ulaya na Marekani ziliingiwa na wazimu wa frenolojia, elimu iliyotokana na mafundisho ya daktari Franz Joseph Gall. Wafuasi wake walipapasa watu vichwa, wakapima vinundu vya fuvu, wakashikilia kwamba paji refu ni dalili ya akili nyingi. Elimu hiyo ya uongo ikafa, neno likabaki. Baadaye likapata ndugu: "lowbrow", yaani asiye na ladha za kisomi, na miaka ya 1920 "middlebrow", yaani wa katikati. Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf, aliyejiita highbrow bila haya, aliandika barua mwaka 1932 akitishia kumchoma kwa kalamu atakayemwita middlebrow. Hakuituma.

Huyo Shakespeare wako naye hakuwa wa wasomi peke yao. Huko Marekani, maskini na matajiri walijazana kumtazama. Mwaka 1849, pale Astor Place, New York, mashabiki wa waigizaji wawili mahasimu walizua ghasia usiku ambao mmoja wao alikuwa akiigiza Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Askari wakafyatua risasi, zaidi ya watu 20 wakafa. Waliokuwa wakirusha mawe hawakuwa maprofesa! Kwa hiyo ukubwa wa paji hupangwa na zama, kazi yenyewe haibadiliki hata neno moja.

Ukitaka kumsifu mtu kwa Kiingereza bila mwiba, sema ni "well-read", yaani aliyesoma vitabu vingi. Hapo hakuna atakayecheka.