Almasi ya 1.02 au ya 0.92?

SWALI: Jambo papa fundi. Niko Lubumbashi, komini ya Kampemba, na mwezi ujao naenda kwa wakwe. Nataka kumvika mchumba wangu pete ya almasi. Muuzaji amenionyesha mawe mawili ya duara. La kwanza lina karati 1.02, upana milimita 6.2. La pili karati 0.92, upana milimita 6.3, na bei yake iko chini sana. Jiwe jepesi ndilo pana! Amekosea kupima ama ananidanganya? Tena anasema pete yenyewe ni ya karati 18, hapo ndipo nimepotea kabisa. Rafiki yangu naye ananishauri niache yote, ninunue jiwe ghafi, lisilokatwa bado, kutoka machimbo ya Mbuji-Mayi.

JIBU: Jambo mwanangu. Hiyo 18 tuimalize kwanza. Karati ya dhahabu ni usafi: dhahabu tupu huhesabiwa 24, kwa hiyo ya 18 ina sehemu 18 za dhahabu, na sita zilizobaki ni fedha, shaba na kadhalika. Karati ya almasi ni uzito. Kifaransa cha dukani kinatumia neno moja kwa vyote viwili, ndiyo maana kila wiki napata mteja aliyechanganyikiwa kama wewe. Karati moja ya almasi ni gramu 0.2, na imekuwa hivyo tangu mkutano wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 1907. Tunaigawa kwa pointi 100. Jiwe lako la pili ni la pointi 92.

Sasa mawe yenyewe. Kwa vipimo hivyo muuzaji hajakudanganya. Jiwe lina upana na lina kina, na mezani wewe unaona upana tu. Chukua kalipa, kile chombo cha kupimia milimita. Zidisha upana kwa upana, kisha kwa kina, kisha kwa 0.0061, utapata karati za jiwe la duara kwa makadirio. La pointi 92 linatoka sawasawa likiwa na kina cha milimita 3.8 hivi, yaani asilimia 60 ya upana wake. La 1.02 haliwezi kufika uzito huo bila kina cha karibu milimita 4.35, asilimia 70. Hilo limenenepa tumboni. Mwanga unaoingia juu unapotelea chini badala ya kurudi machoni, na katikati jiwe linakuwa na giza. Ligeuze ubavu ulitazame kiunoni, pale linapobanwa na makucha ya pete: nadhani utakuta ukingo mnene pia.

Kwa nini mkataji aliache hivyo? Kwa sababu ya bei. Almasi huuzwa kwa karati, na bei ya karati yenyewe hupanda jiwe linapokuwa kubwa, tena inaruka kwenye mipaka kama 0.50 na 1.00. Mkataji akipunguza lile tumbo, jiwe litang'aa vizuri zaidi ila litashuka chini ya karati moja, naye atapoteza pesa. Wewe ndiwe unaombwa umlipie mafuta hayo. Tofauti ya mawe yako mawili ni gramu 0.02. Mimi ningechukua la 0.92 bila kufikiri mara mbili, mradi rangi na usafi wake visiwe vibaya.

Sijui amepima kwa mizani gani, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Zile mizani ndogo za mfukoni za wanunuzi wa dhahabu husoma hadi gramu 0.01, yaani pointi tano za almasi. Ikikuonyesha gramu 0.20, jiwe linaweza kuwa la karati 0.98 au 1.02, mizani haijui. Na ni papo hapo bei inaporuka! Dai mizani ya karati inayosoma tarakimu tatu baada ya nukta. Jiwe lipimwe likiwa limetolewa kwenye pete na kufutwa mafuta ya vidole kwa spiriti, feni ikiwa imezimwa. Kama lina cheti cha maabara, kwa mfano GIA au HRD ya Antwerp, uzito na milimita zote zimeandikwa humo, linganisha.

Uzito pia unafichua bandia, si zote. Zirkonia ni nzito: ya upana wa milimita 6.5 hupita gramu 0.3, wakati almasi ya upana huo ni kama gramu 0.2 tu. Moisanaiti ni nyepesi kidogo kuliko almasi, tena inafaulu kama almasi kwenye kile kipimo cha joto wanachokigusisha juu ya jiwe, kwa hiyo usikiamini peke yake.

Ukionyeshwa pete yenye mawe mengi, uliza kama karati ni za jumla. Mama mmoja aliniletea pete aliyouziwa kuwa ya "karati moja". Nilipima jiwe la katikati: milimita 4.1, robo karati. Zilizobaki zilikuwa punje za pembeni, na punje hizo kwa uzito uleule ni rahisi mno kuliko jiwe moja.

Sasa huyo rafiki yako anayekushauri jiwe la Mbuji-Mayi. Jiwe ghafi hupoteza nusu ya uzito au zaidi linapokatwa. Ile almasi kubwa iliyookotwa huko mwaka 1984, ya karati 890, ilitoka kwa mkataji ikiwa na karati 407. Na almasi nyingi za Mbuji-Mayi ni za viwandani, za kukatia na kusagia, hata ukizikata hazing'ai. Biashara ya mawe ghafi ni ya wenye vibali, na cheti cha Kimberley wanachokitaja husafiri na furushi la mawe ghafi yanayovuka mpaka. Hakisemi lolote kuhusu jiwe la pete yako. Mwambie huyo rafiki achangie kreti mbili za bia ya Simba siku ya harusi, hilo analiweza.