Mama amepooza, kaka zangu wanataka apelekwe makazi ya wazee

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mtwara mjini. Mama ana miaka 71, yuko kijijini Newala. Mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kulia umepooza na maneno yanamtoka kwa shida. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam. Wanataka apelekwe makazi ya wazee ya serikali, la sivyo niache kazi nikamuuguze kwa kuwa mimi ndiye binti. Korosho za mama anauza kaka mkubwa. Majirani wanasema tunamtupa mzazi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kazi usiache. Mshahara wako ndio fedha ya uhakika ya kila mwezi hapo kwenu, na mgonjwa anaihitaji.

Kuhusu makazi, kaka zako hawajaulizia vizuri. Makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, ni ya wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee inatanguliza familia na jamii. Makazi yanakuja mwisho. Afisa ustawi wa jamii atauliza kwanza watoto wako wapi, na mama yenu anao watatu. Lakini nawe usiungane na majirani kuyasema vibaya. Wapo wazee waliokuwa wakilala na njaa katikati ya kijiji chenye watu tele, wakapata sahani ya chakula huko.

Maana hili la "jamii itamtunza" linanikera likisemwa kirahisi. Jamii ikitajwa, anayeamka usiku huwa mwanamke mmoja. Jirani ataleta ming'oko, vile viazi vya porini, ataketi mkekani, atapiga soga na kuaga. Mama anawahitaji watu hao kweli, kwa sababu aliyezoea kupigiwa hodi kila asubuhi hunyong'onyea akipelekwa asikojulikana. Ila jirani hatamgeuza. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na kila ukimgeuza unakagua visigino, nyonga na chini ya kiuno. Ngozi ikibadilika rangi na isirudi hata akishaacha kuilalia sehemu hiyo, kidonda kimeanza. Wakati wa kula aketi wima, alishwe kijiko kidogo kidogo, ameze kwanza ndipo aongezwe, asije akapaliwa. Kazi ya namna hiyo inastahili malipo.

Kwa hiyo mama abaki kwake, na mtafute watunzaji wawili wa kupokezana, ikiwezekana ndugu anaowazoea, muwalipe kila mwezi. Muuguzi wa zahanati awaonyeshe kumgeuza na kumnyoosha viungo. Wewe uende likizo na siku unazoweza, ukae naye kama mwanawe. Dawa za presha, kama ameandikiwa, zisikatike hata siku moja. Mwone pia mtendaji wa kijiji, uulizie kitambulisho cha matibabu ya wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea, ujue kama anastahili.

Fedha mnazo. Mikorosho ni ya mama, kwa hiyo kinacholipwa kupitia chama cha msingi cha ushirika kimtunze yeye kwanza: watunzaji, dawa, sabuni, nepi. Kinachobaki ndicho cha kujadiliwa. Kaka yako akiona hilo ni gumu, basi mjue kwa nini makazi ya serikali yalimvutia.

Halafu, mama mwenyewe ameulizwa? Kusema kwa shida si kukosa akili. Muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, aitikie kwa kichwa au kwa mkono wa kushoto, na mkubali atakalojibu.

Kikao usikiitishe wewe. Wataona mdogo wao anawapangia. Mwombe mjomba. Kwetu kusini mjomba akiita, mtu hupanda basi. Kifanyike kabla ya minada ya korosho ya Oktoba, fedha zikiwa bado hazijaingia kwenye akaunti ya mtu.