Jarife hufika

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza: "Tuyalinde vipi maisha ya vilindini, mahali ambapo binadamu hafiki?" Nimelisoma mara mbili nikacheka. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kigombe, huku Tanga. Binadamu hafiki, sawa, lakini jarife lake linafika.

Kwa asiyelijua, jarife ni wavu wenye macho makubwa, wa kutegea papa na samaki aitwaye taa. Linashushwa jioni, linalala huko chini, alfajiri linavutwa. Baba alikuwa akilishusha mpaka pima 60, yaani zaidi ya mita 100, pale mwamba unapokatika na bahari inakuwa nyeusi. Alfajiri moja, nikiwa darasa la tano, walirudi na samaki ambaye hakuna mzee pwani aliyemjua jina. Mkubwa, wa buluu iliyokolea, ana mabaka meupe, na mapezi yake yana vikonyo kama mikono ya mtoto mchanga. Nyama ina mafuta hata haiwezi kulika. Mchuuzi hakutaka kumsikia. Akabaki mchangani mpaka nzi wakamjaa.

Hatukujua kwamba majarife ya Tanga yalikuwa yakivuta samaki wa namna hiyo mmoja baada ya mwingine miaka hiyo, kuanzia 2004. Ni silikanti. Wataalamu walikuwa wakimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na madinosaria, hadi mwaka 1938 meli ya uvuvi ilipomleta bandarini East London, Afrika Kusini. Wakomoro wao walikuwa na jina lake zamani, gombesa. Waliochelewa ni wataalamu.

Kinachonikosesha usingizi ni umri wake. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba silikanti anaweza kukaribia miaka 100, na jike hazai mpaka apite miaka 50 na ushee. Mimba yenyewe anaibeba kama miaka mitano. Sasa piga hesabu. Kama yule wa baba alikuwa jike wa miaka 50, basi alizaliwa Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na alikufa hajazaa hata mara moja. Dagaa ukiwavua leo, mwakani wapo wengine. Huyu ukimtoa, pengo lake halizibwi katika maisha yako wala ya mwanao.

Mtasema basi, wavuvi wa jarife wakamatwe. Subirini kidogo. Baba hakuzaliwa mvuvi wa maji makuu. Babu alivua changu na tasi kwa dema, ule mtego wa kusuka, karibu kiasi kwamba bibi alikuwa akimwona akiwa uani. Kisha ikaja baruti, yaani kuvua kwa kulipua. Chupa moja ikilipuka, matumbawe yanageuka kokoto, na samaki wanaoelea ni wachache kuliko wanaozama wakiwa wamekufa. Tanga tuliisikia milipuko kwa miaka mingi kiasi kwamba mtoto hakushtuka tena. Baba alikuwa akisema samaki wamehama, akawafuata kwenye kina. Hawakuhama popote. Nyumba yao ilibomolewa, na njaa yetu ndiyo iliyoshuka na jarife kule kwa silikanti.

Ndiyo maana jibu langu linaanzia kwenye maji ya magotini. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa mwaka 2009, kuanzia kaskazini ya Mto Pangani mpaka Tanga, na nashukuru. Lakini mstari kwenye ramani haumpi mtu kitoweo. Doria ya baruti isilegee hata baada ya milipuko kupungua. Miamba ya karibu ifungwe kwa zamu, kama Kisiwa Panza kule Pemba wanavyofunga kwa ajili ya pweza, na siku ya kufungua wanakijiji wenyewe ndio wa kwanza kuvua. Mwenye changu mlangoni hatoki usiku kwenda pima 60 kwa ajili ya papa.

Kuna wakubwa pia, nisiwasahau. Mipango ya bandari ya Mwambani iliwahi kuchorwa ndani ya hifadhi hiyohiyo, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limeelekezwa Chongoleani, upande wa pili wa mji. Meli ya mafuta ikivuja, silikanti hana pa kuhamia.

Baba siku hizi mgongo haumruhusu. Jarife lake la mwisho mama kazungushia bustani ya mchicha, kuzuia kuku. Macho yake makubwa mno, vifaranga wanapita.

Msomaji, Kigombe, Tanga