Diski ya TB 1 iliyonigombanisha na mzee wa watu

Juzi usiku kijana mmoja wa Kasulu, anayejifunza kupiga video za harusi, alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimenunua flashi ya GB 64, nikiichomeka kwenye kompyuta inasoma GB 59. Huyu muuzaji kesho atanitambua."

Nikamjibu palepale: usiende. Halafu usingizi ukagoma, kwa sababu mimi mwaka ule nilikwenda.

Nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata hapa Kigoma. Mteja wa Dar es Salaam alitaka picha za wavuvi wa dagaa: mitumbwi ikitoka Kibirizi jioni, taa zikiwaka ziwani usiku, akina mama wakianika asubuhi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa watu wanapumzika, kwa hiyo giza lilipoisha na kazi yangu iliisha, hakuna kurudia. Nilirudi chumbani kwangu Mwanga na saa 22 na nusu za video. Zilikuwa video nzuri, sioni sababu ya kuficha. Hadi leo sijaona mtu aliyezipiga taa za Ziwa Tanganyika kama nilivyozipiga mimi usiku ule.

Tulikubaliana nitume kila kitu bila kukata, kwenye diski ya nje. Kompyuta ilionyesha mafaili yote ni GB 948. Nikanunua diski ya TB 1. Elfu moja ukitoa 948 inabaki 52, nikajua nimemaliza. Diski ilikuwa isafiri na mtu wa basi la alfajiri, hivyo usiku nikaanza kunakili folda moja baada ya nyingine. Folda ya mwisho ikakataa, nafasi haitoshi. Nikaangalia ukubwa wa diski: GB 931.

Zilipungua GB 17. Kwa kamera yangu hizo ni dakika 24, tena zilikuwa dakika za mapambazuko, mitumbwi inarudi na mzigo.

Basi likaondoka. Saa mbili asubuhi nilikuwa dukani, na wateja wameshaanza kuingia. Yule mzee aliyeniuzia diski nilimwita "mwizi" mbele yao. Nilisema anauza diski feki na kwamba mji mzima utajua. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, hesabu baiti." Nikaona ananidharau. Nikachukua pesa ya kodi ya chumba, nikaenda duka la pili, nikanunua diski nyingine, nikaomba niichomeke hapohapo. 931.

Mzigo ulifika Dar siku mbili baada ya ahadi, kwenye diski mbili. Mteja alilipa, hakunitafuta tena. Inaniuma mpaka leo, na sitasema imeshapita, kwa sababu haijapita.

Jambo lenyewe ndilo hili. Baiti ndicho kipande kidogo tunachopimia ukubwa wa faili. Kiwandani, TB 1 ni baiti trilioni 1 kamili, na GB 1 ni baiti bilioni 1. Wanahesabu kwa kumi, kama tunavyohesabu kilo na mita. Kompyuta ya Windows inahesabu kwa mbili: inachukua 1,024, yaani mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi, na GB moja inakuwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Zigawe zile baiti trilioni kwa namba hiyo, unapata 931. Hakuna baiti iliyoibwa. Mafaili yangu ya "GB 948" kwa hesabu ya kiwandani yalikuwa zaidi ya GB 1,017, kwa hiyo yasingeweza kuingia kwenye diski ile hata ningekesha nikiomba.

Simu ikiandika 8:00 asubuhi, sisi tunasema saa mbili, na hatugombani nayo kwa sababu tunajua inahesabu kutoka wapi. Kwenye GB hatuambiwi. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme duniani, IEC, lilikitenga kipimo cha 1,024 kwa majina yake: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Windows ikaendelea kuandika GB vilevile. Apple walihamia hesabu ya kumi mwaka 2009, ndiyo maana diski ileile kwenye Mac inasoma TB 1. Marekani watu walipelekana mahakamani kwa jambo hilihili, na mwaka 2006 Western Digital, watengenezaji wa diski, walimaliza kesi kwa kuwapa wateja programu ya bure ya kuhifadhi nakala. Mimi sikwenda mahakamani. Nilimtukana mtu mzima.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka kuishi kwa kamera. Hesabu kwa baiti. Kabla ya kununua diski, fungua maelezo ya folda, soma ile namba ndefu ya baiti, hiyo haina kabila. Kwenye kilobaiti tofauti ya hesabu hizi mbili ni asilimia 2.4 tu, kwenye gigabaiti inafika 7.4, kwenye terabaiti inakaribia 10, kwa hiyo kadiri kazi yako inavyokua ndivyo uzembe wako unavyokugharimu. Hesabu kwa baiti, narudia, na acha nafasi.

Na biti si baiti: biti nane ndizo baiti moja. Kamera yangu inaandika megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa nane: megabaiti 12.5, sawa na GB 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 inakupa dakika 85, basi. Ukiingia kwenye harusi ya Ujiji na kadi moja, bibi harusi atatoka na wewe umeshajaza. Intaneti nayo ni hivyohivyo: kasi ya megabiti 20 ni megabaiti mbili na nusu, na GB moja itakuchukua karibu dakika saba mtandao ukiwa umetulia.

Flashi feki zipo, sikatai. Inayojiita TB 2 kwa bei ya sahani ya ugali na migebuka, iogope. Ijaribu kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza flashi yote kisha inasoma kama vilivyoandikwa vimebaki. Lakini 59 kwa 64 ni hesabu tu.

Jumamosi nilipiga harusi Ujiji kwa kamera tatu, saa sita mfululizo, na haikupotea hata sekunde moja. Kadi nilizinunua kwa yule mzee. Nilimwomba radhi zamani, akasema yameisha. Ananiuzia na ananipa risiti. Zamani alikuwa ananivutia na kiti.

Mdogo wangu wa Kasulu, nimeona umesoma ujumbe wangu na hujajibu. Kama hujatoka nyumbani, nitumie picha ya maelezo ya hiyo flashi, pale panapoandikwa baiti. Zikianzia 63 au 64 bilioni, kaa.