Hofu ya kamera ya tumbo: iseme kabla ya sindano

Maswali ya safari hii yanazunguka kipimo kimoja: mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Kwenye karatasi ya daktari huandikwa OGD au endoskopi.

Shikamoo daktari. Chakula kinanikwama kifuani, nimeandikiwa kipimo cha kamera. Naogopa mpira utaniziba pumzi. (Moshi)

Marahaba. Nyuma ya ulimi njia zinagawanyika: ya mbele inakwenda kwenye mapafu, ya nyuma inakwenda tumboni. Mpira unapita ya nyuma. Ndiyo maana utaambiwa "meza": ukimeza, kifuniko cha njia ya hewa kinajifunga na mlango wa umio, yaani njia ya chakula, unafunguka. Unene wa mpira ni milimita 9 au 10 hivi, mwembamba kuliko kidole chako cha mwisho, na hewa inaendelea kupita puani kama kawaida.

Hofu ya kukabwa mara nyingi inaletwa na ganzi wanayokupulizia kooni, si na mpira. Ganzi ni chungu, na baada ya dakika moja au mbili unahisi koo limevimba na mate hayashuki. Halijavimba. Umepoteza tu hisia ya kumeza. Aliyeambiwa mapema hukaa akasubiri. Asiyeambiwa hudhani anakufa, akaruka kitandani.

Kwa kuwa chakula kinakukwama, uliza kama unatakiwa unywe vya majimaji tu siku nzima ya kabla ya kipimo. Palipobana, ugali wa jana unaweza kuwa bado umekaa juu yake, ukaficha kinachotafutwa au ukarudi mdomoni. Na tafadhali usiahirishe. Unaishi kwenye ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia, na dalili inayowaleta watu hospitali ni hiyo hiyo yako.

Nitapigwa nusu kaputi? Na nikiamka katikati je? (Mombasa)

Kwa kawaida si nusu kaputi. Ni dawa ya kukusinzisha, mara nyingi midazolamu, inayopitia kwenye mshipa. Mtu mzima huhitaji miligramu 2 hadi 5, mzee hupewa pungufu, na inasukumwa kidogo kidogo huku wakikutazama. Pengine huongezewa fentanili au pethidini. Dakika chache baadaye kope zinakuwa nzito na maneno yanakwama, lakini ukiitwa unasikia na ukiambiwa "vuta pumzi" unavuta. Kwa hiyo ukijikuta uko macho katikati, hakuna kilichoharibika, maana hukuwa umelazwa kabisa. Wengi hawakumbuki chochote, kwa sababu dawa hii hufuta kumbukumbu za muda ule. Kipimo chenyewe huchukua dakika 5 hadi 10, kikizidi 15.

Wagonjwa wengine huomba wamwagiwe dawa yote mara moja. Hilo halikubaliwi, maana dawa ikizidi inapunguza kasi ya pumzi. Ndiyo sababu utavishwa kibano kidoleni cha kupima oksijeni na vijibomba vya oksijeni puani, na dawa za kubatilisha, flumazenili na naloksoni, zinatakiwa ziwe chumbani humo humo. Kuuliza kama zipo si utovu wa adabu.

Jambo moja msifiche: pombe ya kila siku, bangi, miraa, vidonge vya usingizi. Muuguzi haulizi ili akuhukumu. Aliyezoea pombe au vidonge vya usingizi huenda asisinzie kwa kiasi cha kawaida, na aliyemeza kidonge cha kutuliza alfajiri kimyakimya anaweza kusinzia kupita kiasi. Hofu nayo itajeni hapo hapo, kama mnavyotaja mzio wa penisilini. Kiasi cha dawa kinapangwa kabla hujalala upande. Ukiwa umeshauma plastiki ya kulinda meno umechelewa kujieleza.

Koo langu jepesi mno, hata mswaki ukifika nyuma nataka kutapika. Nitaweza kweli? (Nairobi)

Utaweza, lakini jiandae siku tatu au nne. Nyumbani, lala ubavu wa kushoto, kidevu kikielekea kifuani, mdomo wazi, ulimi umelala chini. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, iachie ukihesabu hadi 6. Fanya hivyo dakika mbili asubuhi na mbili jioni. Kupumua kwa pua huku mdomo uko wazi kunaonekana kazi ya mtoto hadi ujaribu. Siku ya kwanza wengi wanashindwa kufikisha dakika moja.

Siku yenyewe utauma kipande cha plastiki chenye tundu katikati. Kinalinda meno yako na mpira wa watu, kwa hiyo meno ya bandia yatolewe na jino linalocheza litajwe. Kisha mambo matatu. Macho yabaki wazi, yakitazama kitu kimoja ukutani. Ukiyafumba, akili yote inahamia kooni. Ukishaumeza mpira, mate yaache yatiririke shavuni hadi kwenye taulo, usiyameze, maana kila ukimeza koo linaubana mpira na kichefuchefu kinaanza upya. Na mabega yalegee. Sehemu ngumu ni sekunde zile mpira unapovuka nyuma ya ulimi. Ukishavuka, kinachobaki ni tumbo kujaa hewa na kucheua. Cheua bila aibu, hewa hiyo wameiweka wao ili kuta za tumbo zionekane.

Kabla ya kuanza, patana na muuguzi kwamba ukiinua mkono, daktari atasimama kwanza. Wengi wakishapatana hivyo hawauinui kabisa. Hospitali chache zina mpira mwembamba wa milimita 5 au 6 unaopita puani. Uliza kama upo.

Mimi siogopi kamera, naogopa sindano. Nikiona damu naanguka. (Dodoma)

Hapa ushauri wa "tulia, vuta pumzi" unaweza kukuangusha haraka zaidi. Kwa watu kama wewe shinikizo la damu hupanda kidogo kisha hushuka ghafla, na kulegeza mwili kunalishusha zaidi. Fanya kinyume: kaza mapaja, matako na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie joto usoni, punguza kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, rudia mara tano. Zoeza kwa wiki nzima. Siku ya sindano omba uchomwe ukiwa umelala, kaza miguu, lakini mkono unaochomwa uache ulegee. Maji matupu kunywa hadi muda ulioruhusiwa, mara nyingi saa mbili kabla, kwa sababu mwili uliokauka mishipa yake inajificha na utachomwa mara tatu badala ya moja.

Nasikia mtu akipewa dawa hiyo anatoboa siri zake zote. (Unguja)

Ukiwa na plastiki na mpira mdomoni utatoboa kwa njia gani? Baadaye, chumba cha kupumzikia, unaweza kurudia swali moja mara nne au kuuliza viatu vyako viko wapi. Dawa hii haimlazimishi mtu kusema kweli, na wahudumu wanabanwa na usiri wa kazi. Wasiwasi ukibaki, chagua wa kukusindikiza: shangazi mdadisi abaki nyumbani.

Mpira huo huo kaingizwa mtu mwingine jana. Sitapata ukimwi au homa ya ini? (Kisumu)

Ukisafishwa inavyotakiwa, hatari ni ndogo mno. Ukitoka tu kwa mgonjwa unafutwa na kusukumwa maji ndani, unapimwa kama unavuja, kisha njia zake za ndani zinasuguliwa kwa brashi ndefu na sabuni maalumu. Ndipo unalowekwa kwenye dawa, kwa mfano glutaraldehaidi ya asilimia 2 kwa dakika 20, unasuuzwa, unakaushwa kwa hewa na kutundikwa. Makosa hutokea kwenye brashi na kwenye kukausha. Uchafu uliogandia ndani haufikiwi na dawa hata ukilowekwa usiku kucha, na unyevu uliobaki hufuga bakteria. Unayo haki ya kuuliza: "Mnasafishaje, na mnaandika wapi?" Kituo kizuri kina daftari la kila mpira.

Kipimo changu kimeangukia Ramadhani, saa nne asubuhi. Daku nakula saa kumi na nusu alfajiri. (Lamu)

Hesabu haitoshi. Chakula kinahitaji muda wa saa 6 angalau, na uji au chai ya maziwa ni chakula. Hapo una saa tano na nusu. Omba nafasi ya saa sita mchana, au ule mapema zaidi. Kumbuka pia kwamba maji husukumwa kupitia mpira na ganzi nyingine humezwa, kwa hiyo suala la saumu mpelekee sheikh wako mapema. Kama una kisukari, dozi ya siku hiyo apange daktari. Na kama vidole vina piko, sema: rangi nyeusi inaweza kuzuia mwanga wa kibano cha oksijeni, wakabana ndewe ya sikio badala yake.

Nikimaliza naweza kurudi na bodaboda mwenyewe? (Mwanza)

Hapana. Kwa saa 24 usiendeshe chochote, usinywe pombe, usisaini mkataba wala kutuma pesa kwa simu. Utajiona mzima, kumbe usingizi umetoka na uamuzi bado haujarudi. Majibu ya daktari asikie anayekusindikiza, au yaandikwe, maana wewe utayasahau. Usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, kama saa moja. Anza na funda moja la maji.

Koo kuwasha siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kifua au tumbo, homa, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au shingo kuvimba: rudi usiku huo huo. Ni nadra, lakini kinachowaumiza watu ni kusubiri kupambazuke.