Sanamu ya Nyari inapasuka, ufanyeje

Dada umeuliza mbona sanamu yako ya udongo, ile yenye matabaka kama ya Nyari, lile korongo la kule Marafa karibu na Malindi, inapasuka kila ikikauka. Mi naona unaianika juani na ndani umeijaza udongo, sindio? Nje inakauka inasinyaa, ndani bado mbichi, lazima ipasuke tu. Ikombe ndani ibaki unene wa kidole hivi, udongo uchanganye na mchanga au vigae vilivyosagwa, alafu ifunike kitambaa chenye unyevu uiweke kivulini hata wiki mbili, maana upepo wetu huu wa Malindi unakausha vibaya.

Na ile mifereji usichonge kwa kisu, idondoshee maji polepole udongo ukianza kukaza, Nyari yenyewe imechongwa na mvua hivyo hivyo, utaipenda wallahi.